Printa Yangu Kwenye Hewa ya Wifi

Nyinyi wanangu, karatasi ikitoka kwenye printa chumba cha pili bila waya wala kamba, mnaenda kuichukua kama mtu anayekwenda kuchukua chapati jikoni. Hamshangai. Mie mpaka leo, na kazi nimeshaiacha, printa ikilia tu huuliza kwanza: imetoka wapi, na imetoka kwa nani? Nina sababu zangu, na sababu kubwa ina jina. Inaitwa Zuwena.

Lakini kwanza tuelewane neno. Nyinyi mkiandika "wifi" mnakusudia intaneti ya hewani, na mnaitamka "waifai". Kwa sisi tuliolelewa na wazee wa Unguja, wifi ni dada wa mume. Wifi huyo hana haja ya umeme. Hawashwi, hazimwi, na ukuta haumzuii. Mie nilijaaliwa wote wawili kwa wakati mmoja, tena nyumba ya pili, na sijui mpaka leo yupi kati yao alinitoa jasho zaidi.

Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa. Mitihani ya walimu, maombi ya kazi, kadi za harusi, Kiarabu juu na Kiswahili chini kwa wale wa kwetu. Nimeifanya miaka yote hapahapa Ibra, Omani, ndani ya nyumba yangu, katika chumba kidogo kinachotazama mlango wa nje. Duka sikutaka. Duka linataka utoke, na kutoka mie sikujaaliwa. Hata soko la wanawake la Jumatano, ambalo wenzangu walilisubiri wiki nzima, mie nililetewa habari zake pamoja na nyanya. Mama yangu, Mungu amrehemu, akisema mimi kama mtungi: nikishawekwa pembeni nimewekwa, mwenye kiu atakuja mwenyewe.

Na walikuja. Mtaa mzima, anayetaka karatasi iliyonyooka alipiga hodi kwangu. Kumbukeni hilo, maana ndilo nililokaribia kunyang'anywa.

Aliyenifundisha ni Bi Zamzam wa Nizwa, nilipokaa kwake baada ya kumaliza sekondari. Alichapa na taipureta huku karafuu iko shavuni, na kila kosa langu alilipigia ulimi. Alinipa mambo mawili ambayo hakuna mashine iliyoyafuta. La kwanza: karatasi zipepee kabla ya kuzitia, kama unavyopepea mkaa, zisije zikashikana na kuingia mbili mbili. Kwa joto letu hili na vumbi letu, msipofanya hivyo mtalia. Na ikikwama usiivute kwa hasira. "Hasira zinachana," akisema. La pili: ukimaliza kuandika, soma kutoka mwisho kurudi mwanzo, neno moja moja, kwa sababu jicho likijua kinachokuja halisomi tena, linakisia.

Hilo la pili nililipuuza mara moja. Ilikuwa kadi ya harusi ya binti mkubwa wa Bi Rahma, mwanamke mwenye jamaa wengi kuliko mitende ya bondeni, aliyekuwa mteja wangu tangu siku za taipureta. Nikachapa kadi zote, zikagawiwa, na watu wakaalikwa kwenye "chakula cha mchanga baada ya sala". Nilikaa ndani nikingoja kutukanwa. Bi Rahma akaja na kadi mkononi, akaketi, akanywa kahawa, ndipo akasema, "Mwanangu, Ibra hii mchanga tunakula kila siku. Hakuna haja ya kualikana."

Basi. Huyo ndiye Bi Rahma, na ndiyo maana nilimpenda, na ndiyo maana nilipomsikia anamtaja Zuwena moyo ulinifanya kama karatasi iliyokwama.

Zuwena alikuwa karani Nizwa miaka mingi. Alipostaafu, kaka yake, ndiye Baba Nassor, mume wangu, akamjengea nyumba ubavuni mwa yetu, ukuta mmoja, na mlango mdogo uani wa kupitia. Mie nilifurahi. Nilipika halwa. Sikujua kwamba kwenye mizigo yake mlikuwa na printa.

Na printa yenyewe haikuwa na waya. Mie wakati huo nilikuwa na ile yangu ya kebo nene, iliyofungwa kwenye kompyuta kama ng'ombe kwenye mti. Siku wanawake wa mtaa walipokuja kumkaribisha, Zuwena alikaa ukumbini kwake na kompyuta yake ya mapajani, akabonyeza kwa kidole kimoja, na karatasi ikatoka chumba cha ndani. Wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba amezaa. Kisha akanigeukia mbele yao wote.

"Wifi, bado unaifunga kamba ile yako?"

"Inafanya kazi," nikasema.

"Sisemi haifanyi. Lakini kamba ni ya mbuzi, jamani."

Habari ikaenda soko la Jumatano kabla sijafika nyumbani, na kutoka kwake mpaka kwangu ni kuvuka uwa tu. Wiki iliyofuata mwalimu mmoja aliyekuwa wangu akapita mlangoni pangu, akanisalimu vizuri, akaingia kwa Zuwena. Nikawa nachungulia dirishani nani anaingia, nani anatoka, kashika nini. Chai ilipoa mkononi. Nilimwonea wivu kwa printa, kwa wateja, kwa jinsi anavyokaa, hata kwa pazia zake. Tena ni wivu wa kukaa ndani, ambao ni mbaya kuliko wa kutembea. Wa kutembea hupata upepo.

Siku moja Bi Rahma akaja, akasimama mlangoni bila kuketi. Binti yake wa mwisho anaolewa.

"Sikufichi," akasema. "Zuwena kaniambia nipeleke kwake. Na wewe ni wangu wa siku nyingi. Alhamisi alasiri nitapita kwenu nyote wawili, kila mmoja anioneshe kadi ya mfano. Iliyo nzuri ndiyo hiyo."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa umeshindwa, mwanangu. Si harusi hii tu. Dada zangu nao wanangoja waone naenda wapi."

Mnaelewa? Bi Rahma akihama, mtaa unahama. Ningebaki mtungi wa pembeni usio na mwenye kiu.

Nikampigia simu Baba Nassor, ambaye alikuwa akifanya kazi mji wa Sur na kurudi mwisho wa wiki. Nikamwambia, "Niletee printa isiyo na waya, inayoshinda ya dada yako." Jumatano akaomba ruhusa kazini, akapeleka gari mpaka Maskati, akarudi kwa njia ya Bidbid, akanibwagia boksi mezani huku anapumua. Nikalifungua. Ilikuwa ileile ya Zuwena. Ileile, rangi ileile.

"Nimesema inayoishinda!"

"Nilimwambia mwenye duka nipe nzuri kama ya dada yangu," akasema, na uso wake mkunjufu kabisa. Asubuhi yake akaitwa Sur kwa dharura, akaondoka, nikabaki na mashine na Alhamisi yenyewe.

Nikakaa na ile karatasi ya maelezo. Sekondari nimesoma, Kiingereza cha kuungaunga ninacho. Picha ya kwanza: toa plastiki. Nikatoa. Ya pili: tia wino. Nikatia, na kidole kikabaki cheusi mpaka Ijumaa. Ya tatu imeandikwa niunganishe printa na Wi-Fi. Neno hilo sikuwahi kuliona limeandikwa. Nililisoma kama lilivyo. Nikapiga simu Sur.

"Baba Nassor, karatasi inasema niunganishe printa na wifi."

"Sasa si uunganishe?"

"Zuwena anahusu nini na mashine yangu?"

"Zuwena kaingiaje hapa?"

"Wewe ndiye uliyemtia! Umeninunulia mashine inayotaka idhini ya dada yako!"

Alicheka mpaka nikasikia wenzake wa kazini wakimuuliza kuna nini, naye akawahadithia palepale, simu iko wazi, nami nasikiliza. Aliporudi kwenye simu akasema, "Waifai, bibi. Ni intaneti ya hewani, inayotoka kwenye kile kisanduku chenye taa." Kisha akaongeza, "Lakini kisanduku chenyewe kiko kwa Zuwena tu."

Kwa hiyo sikukosea. Mashine ilikuwa inamtaka wifi.

Nikaiwasha, nikabonyeza mshale, ikaanza kutafuta mitandao iliyo karibu. Taa ya buluu ikawa inapepesa. Hapa shikeni jambo la kazi: taa ikipepesa, inatafuta, ikitulia, imepata. Usibonyeze lolote inapopepesa, utaichanganya. Nikangoja. Kwenye kile kioo kidogo likatokea jina moja tu la mtandao:

HASIDI HANA SABABU.

Vijana hamuijui kanga, mnaivaa siku ya picha tu. Kanga ina maneno chini, na mama zetu hawakugombana kwa mdomo, waligombana kwa kanga. Mtu ananunua doti yenye neno, anaivaa, anapita mlangoni pako polepole, anarudi. Hakusema kitu, huna la kumshitakia. Sasa Zuwena, kwa kuwa Ibra huku huendi mtaani na kanga, uko ndani ya abaya, aliivika intaneti neno lake. Lilikuwa linapita kwenye kuta zangu mchana kutwa, na mie sijui. Na sasa, ili nipate riziki yangu, natakiwa nilichague kwa mkono wangu mwenyewe na kubonyeza "ndiyo".

Nikabonyeza. Ikadai neno la siri.

Nikavuka uwa. Zuwena alikuwa anachanja maembe mabichi.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Leo jua limetokea wapi, mpaka wewe kutoka ndani?"

"Nimeletewa printa. Inataka neno la siri la hewa yako."

Akaweka kisu chini taratibu, apate kufaidi. "Kumbe mbuzi kakata kamba."

"Wifi, Bi Rahma anakuja alasiri. Neno la siri lipi?"

"Uliza wifi."

"Si ndiyo nakuuliza?"

"Ndiyo nami nakujibu. Uliza wifi."

Nikarudi kwangu nimefura. Nikajaribu kukisia. Jina la mwanawe, haikukubali. Jina la mama yao, haikukubali. Jina la mbuzi wake aliyekufa, haikukubali. Kuandika kwa mishale, herufi moja moja, ni kama kuokota mchele kwenye mchanga. Na mjue herufi kubwa na ndogo kwa mashine ni watu wawili tofauti, ukikosea moja umekosea yote. Nikavuka tena.

"Wifi, nakuomba kwa heshima. Neno la siri."

"Uliza wifi!" Akacheka, akafuta mikono. "Basi nitakuja kuandika mwenyewe."

Akaja. Akaandika kwenye printa, akaandika na kwenye kompyuta yangu, ameufunika mkono kwa ushungi kama mtoto anayeficha jibu darasani. Taa ikatulia. Akaipigapiga printa yangu mgongoni. "Haya. Umeungwa na wifi." Akaenda zake kumngoja Bi Rahma.

Nikabaki na hamu ya kuijaribu. Mtu mwingine angeandika "jaribio". Mie nilikuwa na kifua kimejaa, nami vilevile nimelelewa na kanga. Nikafungua ile kadi ya harusi niliyokwisha kuipanga, na fremu yake ya maua ya mlangilangi niliyoichora siku hizo zote, nikaondoa majina ya maharusi, na katikati nikaweka kwa herufi nene:

WIVU HAUPIGI CHAPA.

Nikajisomea, nikapendezwa. Nikaituma. Printa yangu kimya. Nikaituma tena. Kimya. Taa imetulia, wino upo, karatasi nimeipepea. Nikaituma tena na tena, nikabonyeza kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mdeni. Kimya kabisa.

Mlango wa uani ukafunguka. Akaingia Zuwena, mkononi bunda la karatasi. Nyuma yake Bi Rahma, na kikombe cha kahawa cha Zuwena bado anacho.

"Wifi," akasema Zuwena, na machozi ya kicheko yanamtoka, "wivu wako umepiga chapa. Tena nakala chungu nzima. Na kwa wino wangu."

Hili nalo lishikeni, maana ndilo lililoniponza. Printa mbili za aina moja kwenye hewa moja huonekana kwenye kompyuta kwa jina moja. Kompyuta yangu ilikuwa imeziona zote mbili, nikachagua ya juu. Ya juu ilikuwa ya Zuwena. Ukinunua printa, kabla ya kitu chochote, ipe jina lako. Hata mbwa mwitu wana alama zao.

Bi Rahma hakucheka. Alikuwa ameketi kwa mwenyeji wake anakunywa kahawa, mashine ikaanza kumtolea maneno ya wivu, karatasi baada ya karatasi. "Sasa," akasema, "nani kati yenu amenitukana mimi?"

"Hakuna, Bi Rahma," nikasema. "Ni baina yangu na wifi."

"Ni salamu zetu," akasema Zuwena. "Sisi husalimiana hivi."

Sikutarajia anikinge. Ningependa kuwaambia nilishukuru. Nilichofikiri ni: hata katika hili kanitangulia.

Bi Rahma akachukua karatasi moja, akaiweka mbali na macho, akaikurubisha. Akapitisha kidole kwenye yale maua. "Haya nani kachora?"

"Mimi."

"Na weusi huu wa wino, ulivyokolea?"

"Printa yangu," akadakia Zuwena.

Bi Rahma akakitua kikombe juu ya printa yangu mpya, nami sikuthubutu kukitoa. "Basi kadi hii naitaka. Toeni matusi, tieni majina ya watoto. Wewe utapanga huku, na itoke kule. Na uisome mara mbili, mwanangu. Mchanga tumeshiba."

Na ndivyo tulivyofanya kazi tangu siku ile, si harusi hiyo tu, miaka. Wateja walibaki na mtaa haukuhama. Mie nikipanga, nikisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, nikituma, na karatasi ikitoka upande wa pili wa ukuta. Lakini sikilizeni dhuluma ya dunia: mteja humshukuru anayemkabidhi karatasi. Nikisikia kwa masikio yangu, "Maashaallah, Zuwena, mikono yako!" Mikono yake! Mikono yake ilikuwa kwenye maembe. Siku umeme uliporudi baada ya kukatika, printa yangu ikapotea hewani, yake ipo. Nikagundua dawa: zima vyote, washa kisanduku kwanza, kikitulia washa printa, kisha kompyuta mwisho, mwenyeji aamke kabla ya wageni. Nikamwambia na yeye. Keshoye nikasikia anamfundisha mwalimu, "Mimi huwa nafanya hivi."

Na kila nilipobadilisha kitu nikahitaji neno la siri, jibu lilikuwa lilelile. Uliza wifi. Akaja, akafunika mkono, akaandika.

Kisha magoti yakamshinda, bintiye akamchukua kwenda kukaa naye Maskati. Siku ya kuondoka alichomoa kile kisanduku mwenyewe, akakitia kwenye mkoba pamoja na dawa zake. Nikamsaidia kubeba hadi garini, nje kabisa, barabarani.

"Wifi," nikasema, "sasa kimeshazimwa, hakina kazi. Niambie tu. Neno la siri lilikuwa lipi?"

Akakaa kitini, akateremsha kioo. "Wallahi hukujua?"

"Ningejuaje? Kila nikikuuliza unaniambia uliza wifi."

"Ndilo hilo," akasema. "Ulizawifi. Limeshikana, herufi ndogo zote. Nilikwambia siku ya kwanza kwa mdomo wangu, mpaka nikakuonea huruma." Akafunga kioo cha gari, na bintiye akalazimika kungoja kidogo kabla ya kuendesha, kwa jinsi mama yake alivyokuwa anacheka.

Niliporudi ndani niliiwasha printa. Ikapepesa, ikapepesa. Printa haisahau mtandao wa kwanza uliofundishwa, mpaka uingie ndani na kuifutia. Ilikuwa inamtafuta Zuwena. Kwenye kioo hapakuwa na jina lolote, nami nikajikuta nalitafuta lile tusi langu, nashuka na mshale, napanda. Hakuna mtu aliyekuwa akinitukana Ibra nzima.

Baba Nassor akaniwekea laini yetu na kisanduku chetu. Fundi akauliza jina la mtandao na neno la siri. Nikampa. Akaandika bila kuuliza, hakujua Kiswahili.

Idi ile Zuwena akaja. Akaketi kwenye kiti changu cha kazi, bila kuulizwa, akafungua kompyuta yake ya mapajani apate kuwaonesha watu picha za wajukuu. Ikaungana palepale. Kompyuta haijui nyumba, wanangu. Inajua jina na neno la siri tu. Ikiyakuta yote mawili kama ilivyoyazoea, hujiona imefika kwake.

Akatazama kioo. Akatazama kisanduku changu kwenye rafu. Akakitazama tena kioo.

"Hii imeingiaje bila kuomba neno?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu Ramadhani.

"Uliza wifi," nikasema.

Akalisoma jina la mtandao kwa sauti, neno moja moja. Kisha akavuta pua, akajipangusa na ushungi, akasema, "Kumbe tusi langu ulilipenda." Akaituma picha ya mjukuu. Printa yangu, iliyonikwamia asubuhi nzima mpaka nikaita majina ya Mungu yote, ikaivuta karatasi mara moja, ikaitoa safi, haikuguna hata kidogo.

Wote wakasema, "Maashaallah, Zuwena, mikono yako."

Nikaenda kupika kahawa.